Fundi chuma wa Masasi, meno yake na sumaku isiyozimwa

Jua ndiyo kwanza limepanda juu ya mikorosho ya Mnyambe, wilayani Newala, na Silvesta Chilumba tayari yuko kwenye ngazi. Bega moja limebeba kipande cha mfereji wa bati, mkono wa kulia umeshika nyundo. Mvua bado haijaanza, lakini mawingu ya jana jioni yamewatia watu haraka. Huku juu uwandani maji ni ya mvua, ya kuvuna kwenye mapaa. Paa lisilo na mfereji ni ndoo zinazomwagika bure.

"Shikamoo, Baba Edmund," anasalimia mama mwenye nyumba, akisimama mbali kidogo na ngazi.

"Marahaba, mama. Kisima cha maji ya mvua mmekisafisha?"

"Tumekisafisha, kinangoja wewe."

"Basi kisiningoje mimi, kingoje mvua," anajibu Silvesta, kisha anacheka. Akicheka, meno yake ya mbele yanang'aa. Manne ya juu ni ya chuma kitupu.

Anagonga, anasikiliza, anagonga tena. Ukimtazama huwezi kujua kwamba mwaka juzi mkono huo ulikuwa hauwezi kuinua kikombe cha chai.

Silvesta ana miaka hamsini na minne. Alizaliwa Lupaso, kijiji cha wakulima wa korosho wilayani Masasi, akajifunza kuchomelea vyuma kwa mjomba wake akiwa kijana. Karakana yake iko Mkomaindo, mjini Masasi. Hapo hutengeneza mageti na madirisha, na msimu wa kupulizia salfa ukifika, wakulima humletea mashine zao za kupulizia mikorosho zilizokatika mikono au kutoboka matangi. Kiangazi kikielekea ukingoni hupanda Newala kufunga mifereji.

Ni huko huko Newala alikopoteza meno, miaka mingi iliyopita. Bati lililolowa umande lilimteleza, akaanguka kifudifudi kwenye ukingo wa kisima. Daktari wa meno alimwuliza anataka meno ya rangi gani.

"Nikamwambia, mimi nakula kwa chuma. Chuma kinilishe, halafu nikionee haya mdomoni?" anakumbuka.

Akafungiwa manne ya juu ya chuma, yakagandishwa moja kwa moja. Kwa chini aliwekewa mawili ya kuvaa na kuvua, yenye vishikizo vya waya. Watoto wa mtaani wakaanza kumwita Babu Kumetameta. Hakuchukia.

Ugonjwa ulianza kwa ganzi kwenye vidole. Alidhani ni uchovu wa kazi. Baadaye fimbo za kuchomelea zikawa zinamponyoka, na moto fulani ukawa unateremka kutoka shingoni hadi kwenye kiwiko. Asubuhi moja, akitoka kitandani, miguu ilikataa. Alikaa sakafuni akaiangalia.

"Niliiona ni miguu yangu, lakini haikuwa inanisikia. Niliogopa kuliko siku ile niliyoanguka," anasema.

Mkewe, Veridiana, ambaye mtaani anajulikana kama Mama Edmund, alimshika kwapani wakaenda hospitali. Daktari aliyempima Masasi alimgonga magoti, akamwambia afumbe macho na asimame, akambana vidole. Kisha akawaeleza kwamba huenda kuna kitu shingoni kinabana kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Ili kukiona sawasawa, alihitaji kipimo cha MRI, na mashine hiyo iko hospitali kubwa, mbali na Masasi.

"Ni mashine ya mionzi?" Veridiana aliuliza.

"Hapana, mama. Hii ni sumaku. Sumaku kubwa sana."

Neno hilo ndilo lililomkaa Silvesta kichwani. Sumaku anaijua. Karakanani kwake ana moja aliyoitoa kwenye spika mbovu, ambayo huipitisha sakafuni ikaokota misumari na unga wa chuma. Anajua inavyoruka kushika chuma kabla mkono haujafika.

Rafiki yake Muharami, fundi ujenzi wa Mnyambe ambaye hujenga visima huku Silvesta akifunga mifereji, alimzidishia hofu.

"Baba Edmund, nimesikia mashine hiyo ilivuta kiti cha chuma kutoka mlangoni kikaenda kujibandika. Kiti kizima! Sembuse meno?" alimwambia. "Utaingia na meno, utatoka na mapengo."

Muharami mwenyewe anakiri leo kwamba alikuwa anatania nusu, na nusu nyingine alikuwa anaogopa kweli. "Nilijua atacheka. Hakucheka," anasema.

Silvesta alirudi nyumbani, akafikiri siku kadhaa. Kwenda na meno ya chuma hakuthubutu. Kutokwenda kabisa ni kungoja miguu ife. Ikabaki njia moja. Mchana mmoja Veridiana, akitoka kuanika mihogo, alimkuta mumewe karakanani mbele ya kioo kidogo, mdomo wazi, koleo mkononi.

"Unafanya nini, Baba Edmund?"

"Nayatoa mwenyewe. Nikifika kule niwe safi."

Vidole vyenye ganzi havikuweza kulilenga, koleo liligonga ufizi na damu ilikuwa inamtoka. Veridiana anasema hakupiga kelele. Alimpokonya koleo, akalifunga kwenye ncha ya kanga.

"Nilimwambia, meno hayo yako kinywani mwako, lakini mimi ndiye ninayeyaona kila siku. Hutoi hata moja mpaka umwulize mwenye mashine. Akisema yatoke, yatatoka kwa daktari, siyo kwa koleo la mageti."

Waliuza mbuzi, wakaagana na majirani, wakapanda basi.

Mwenye mashine, kama Veridiana alivyomwita, ni Mudathiri, mtaalamu wa picha za uchunguzi, kijana mtulivu mwenye sauti ya chini. Kabla mgonjwa hajakaribia chumba cha MRI, humkalisha na kumwuliza maswali. Una kifaa cha kuendesha moyo? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Una risasi au kipande cha chuma mwilini?

Silvesta hakusubiri maswali yaishe. Alifungua kinywa.

"Mwanangu, angalia kwanza haya. Yatang'oka?"

Mudathiri alichukua tochi, akayatazama kwa makini, akauliza yaliwekwa lini na yamefungwaje. Silvesta alikuwa amekuja na karatasi ya daktari wa meno, Mudathiri akaisoma. Kisha akamtuliza.

"Haya ya juu hayatoki, mzee wangu. Jino lililozibwa, jino lililovikwa kofia ya chuma, kwa kawaida hayana hatari. Madini yanayotumika mengi hayavutwi na sumaku kwa nguvu, na yenyewe yamegandishwa. Pengine utasikia joto kidogo. Ukisikia hivyo, utabonyeza kipira nitakachokupa mkononi, nitasimamisha. Haya ya chini ya kuvua, utayavua, tutakutunzia."

"Na picha?"

"Picha karibu na taya inaweza kuingia kivuli, kama mtu aliyesimama mbele ya taa. Shingo tutaipata."

Mudathiri anaeleza kwamba hajibu hivyo kwa kila mtu. Wapo wenye meno bandia yanayoshikiliwa na visumaku vidogo, na hayo lazima yavuliwe. Wapo wenye waya za kunyoosha meno, ambazo zinaweza kuharibu picha ya kichwa. "Ndiyo maana tunauliza. Mgonjwa asikae kimya kwa kudhani ni jambo dogo, na asikimbie kipimo kwa kudhani ni jambo kubwa. Atuambie, sisi tuamue," anasema.

Veridiana alishusha pumzi. Silvesta, aliyekuwa amekaa kama mtu anayengoja hukumu, alianza kutabasamu. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Ndipo Mudathiri alipouliza swali ambalo hakuna aliyelijali.

"Unafanya kazi gani, mzee?"

"Mkulima. Mkulima wa korosho."

Hakuwa anadanganya. Masasi na Newala karibu kila mtu, hata mwalimu, hata mchungaji, ana mikorosho yake. Ukiulizwa kazi mbele ya mtu wa serikali, jibu linalotoka kwanza ni hilo. Silvesta ana shamba Lupaso, la baba yake. Tena ilikuwa miezi hajashika mashine ya kuchomelea. Kichwani mwake, fundi alikuwa amekwisha.

Mudathiri aliinuka kwenda kuandaa chumba. Alipokuwa anamsaidia mgonjwa kuvua shati ili avae gauni la hospitali, mikono ikawa mbele yake. Kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kiganja, ngozi ya Silvesta imejaa alama ndogo ndogo za mviringo, nyeupe, kama mtu aliyenyunyiziwa chokaa.

"Hizi zimetokana na nini?"

"Cheche."

"Cheche za nini?"

"Za kuchomelea. Na za kusaga. Si nilikuwa fundi chuma."

Mudathiri aliacha kufungua vifungo. Veridiana anasema uso wa kijana yule ulibadilika.

"Mzee wangu, cheche imewahi kukuingia machoni?"

Silvesta alicheka kidogo. Ni fundi gani ambaye haijawahi? Kisha akaieleza ile kubwa. Miaka mingi nyuma, akisaga geti la shule, kitu kilimpiga jicho la kushoto. Jirani alifunua kope, akapitisha ncha ya kitambaa, akasema kimetoka. Jicho liliwasha siku chache, likapoa. Hakuenda hospitali. Lilikuja kuwa zito baadaye, hasa jua likizama, lakini alidhani ni umri.

"Leo hatuingii," alisema Mudathiri. "Tunapiga kwanza picha ya eksirei ya macho."

Silvesta anakiri kwamba alikasirika. Alikuwa amesafiri, amejipa moyo, meno yamekubaliwa. Sasa jicho ambalo hakulilalamikia linamzuia.

"Nilimwambia, mwanangu, mimi naumwa shingo. Akanijibu kwa adabu sana, 'Naam, mzee. Na shingo tutaitibu. Lakini nataka urudi nyumbani ukiwa unaona.'"

Picha ilitoka. Mudathiri na daktari wa picha waliitazama wakiwa wamesimama, kisha wakawaita mume na mke. Kwenye kivuli cha fuvu, ndani ya duara jeusi la jicho la kushoto, kulikuwa na punje nyeupe. Ndogo kuliko punje ya mtama.

"Nilidhani ni vumbi kwenye kioo," anasema Veridiana. "Nilitaka kulifuta kwa kidole."

Hapo Mudathiri aliwaeleza taratibu. Chuma cha meno kimeshikwa na mfupa na gundi, na si cha aina inayokimbilia sumaku. Chembe ile ya jichoni ni ya geti, chuma kile kile kinachorukia sumaku ya spika. Haijafungwa na kitu. Imelala kwenye nyama laini kama yai. Silvesta angesogezwa tu kuelekea kwenye mashine, chembe ingeweza kugeuka au kukimbia, ikapasua jicho kwa ndani.

Silvesta alinyoosha mkono wake mzima, akaugusa uso wake upande wa kushoto, kwa ncha za vidole tu.

"Nilimkumbuka Muharami na kiti chake," anasema. "Wote tulikuwa tunalinda mdomo. Hakuna aliyejua kwamba mlango wa hatari uko juu yake."

Kwa mara ya kwanza alimwuliza Mudathiri kama sumaku ile ilikuwa inawaka wakati huo wamekaa pale. Aliambiwa haizimwi. Mchana na usiku ipo, hata umeme wa mtaani ukikatika ipo, iwe kuna mgonjwa au hakuna. Silvesta aliutazama mlango uliofungwa. Mlango wa kawaida, umepakwa rangi ya maziwa.

"Nilihisi niko mlangoni pa kitu kikubwa ambacho hakilali, na kijana huyu ndiye aliyesimama katikati yetu," anasema. Anatikisa kichwa, halafu anaongeza, "Kwa swali moja. Hizi zimetokana na nini."

Alipelekwa kwa daktari bingwa wa macho, Daktari Shamte, ambaye alithibitisha kwamba chembe ilikuwa imejificha ndani ya jicho muda wote huo, ikitoa kutu polepole. Kutu hiyo ndiyo iliyokuwa inamzibia mwanga wa jioni. Ingeachwa, jicho lingekufa bila maumivu.

Upasuaji ulifanyika wiki iliyofuata. Baada ya kufungua njia, Daktari Shamte alitumia kifaa chembamba kama kalamu, chenye sumaku kwenye ncha yake, akaivuta chembe hadi ikatoka.

"Alinionyesha," anasema Silvesta, macho yakimtoka tena kama siku ile. "Imekaa kwenye ncha kama sisimizi. Sumaku kubwa ingeniua jicho, sumaku ndogo imeliponya. Nimeshika chuma maisha yangu yote, nikaona kumbe sijakijua hata robo."

Jicho lilipopona na picha nyingine ya eksirei kuonyesha pasafi, Mudathiri alimfungulia mlango wa rangi ya maziwa. Silvesta alivua pete ya ndoa na mkanda, akavua meno yake ya chini na kumkabidhi Veridiana ndani ya kitambaa. Manne ya juu akaingia nayo.

Alilazwa kwenye kitanda kinachosogea, akazibwa masikio, akapewa kipira cha kubonyeza. Akaingizwa kwenye tundu jeupe, na makelele yakaanza. Anayafananisha na mafundi wengi wanaogonga bati kwa zamu, kila mmoja na nyundo yake, wasioonekana.

"Nilibana mdomo. Nikapitisha ulimi kwenye meno, nikangoja yaondoke. Hayakuondoka. Yalipata uvuguvugu kama mtu aliyekunywa uji, basi. Nikasema, Baba yetu uliye mbinguni. Nikafika katikati nikasahau maneno, nikabaki nasikiliza tu. Nilikuwa nashangaa kwamba sumaku inanipita mwili mzima, inasoma, na mimi sisikii hata kuguswa."

Alipotoka, Mudathiri alimwita kwenye kioo cha kompyuta. Kwenye picha, sehemu ya mdomo ilikuwa shimo jeusi lililopinda kingo, kazi ya yale meno manne. Lakini nyuma yake shingo ilisimama wazi: pingili moja juu ya nyingine, na katikati yake kamba ya neva, kijivu, laini, ikiteremka kutoka kwenye ubongo. Mahali pamoja gegedu la kati ya pingili lilikuwa limesukumwa nyuma na kuiminya kamba hiyo, ikabaki nyembamba.

Veridiana ndiye aliyeuliza, "Huyo ni yeye?"

"Ndiye, mama."

"Basi Mungu ni fundi," alisema.

Alipewa rufaa, akafanyiwa upasuaji wa shingo jijini Dar es Salaam. Gegedu liliondolewa, na pingili zikafungwa kwa kibati cha madini ya titani na skrubu. Silvesta alipoamka na kuambiwa kwamba sasa ana chuma kingine mwilini, alimwuliza daktari kama kitaingia kwenye ile mashine. Akajibiwa kwamba titani haivutwi, ila asiache kusema kila anapoulizwa. Tangu hapo humweleza kila fundi mwenzake kwamba kipo chuma duniani chepesi, kigumu, na sumaku ikikiita hakiitiki.

Vidole vilirudi kimoja kimoja. Kidole gumba kilitangulia. Mkono wa kulia una nguvu karibu zote, ingawa asubuhi za baridi za uwandani humchukua muda kukunja ngumi. Jicho la kushoto linaona, si kama la kulia, lakini jioni halimtupi tena gizani.

Kwenye karakana yake ya Mkomaindo, hakuna anayewasha mashine ya kusagia bila miwani. Muharami, aliyekuwa akiwacheka wanaovaa, amenunua yake. "Mimi nilimtisha na meno," anasema. "Siku aliponisimulia habari ya jicho, nilienda kujitazama kwenye kioo cha pikipiki."

Mudathiri bado anafanya kazi pale pale. Anasema hakufanya jambo la ajabu, aliuliza anachopaswa kuuliza. Veridiana hakubaliani naye. Kila msimu wa korosho humtumia mfuko wa zilizobanguliwa kwa mkono wake mwenyewe, amezichagua nzima nzima.

Mfereji wa Mnyambe unafungwa kabla ya adhuhuri. Silvesta anateremka, anakunywa maji, anakaa kwenye ukuta wa kisima akipumzisha shingo. Anapoulizwa anachotamani sasa, hasemi karakana kubwa wala mashine mpya.

Mke wa mwanawe ni mjamzito, mimba ya kwanza, na anakusudia kujifungulia kwenye zahanati ya Lupaso. Silvesta alipita hapo mwezi uliopita, akakiona kitanda cha kujifungulia. Mguu mmoja umeoza kwa kutu, mama akilala kinayumba, na muuguzi ameegemeza tofali. Amekwisha ongea na muuguzi huyo. Wiki ijayo, akimaliza mifereji, atashuka na mashine yake ya kuchomelea, atakata miguu yote minne na kuweka mipya.

"Nitakichomelea mwenyewe, kila kiungo," anasema, akikunja na kukunjua ule mkono wa kulia. "Halafu nitakikalia, nitaruka juu yake, nihakikishe hakitikisiki. Mjukuu wangu akija, na kila mtoto atakayemfuata, washukie mahali palipotulia."